Kwa njia ya mashua ya Nanna: kutoka Basra hadi Babeli, siku kwa siku

Katika utenzi mmoja wa Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, Nanna, mungu wa mwezi na mwenye mji wa Ur, anaamua kumpelekea zawadi baba yake Enlil, aliyekaa Nippur. Anaunda mashua: matete yatoke Tummal, lami itoke Abzu, mbao za mwerezi zitoke msituni. Anapakia mafahali, kondoo, mbuzi, ndege, samaki na mayai, kisha anapanda mto. Kila gati analopitia, mungu wa kike wa mji ule anatoka kumlaki kwa unga, na kila mara Nanna anakataa kushusha mzigo, kwa kuwa mzigo ni wa Nippur. Enegi, Larsa, Uruk, Shuruppak, Tummal, ndipo Nippur.

Safari hii inafuata njia hiyo kwa gari, kwa sababu mto alioupanda Nanna haupo tena pale. Frati ilihama mkondo wake mara nyingi, na miji iliyokuwa kandokando yake sasa iko katikati ya nyika ya chumvi. Kila mji ulikuwa nyumba ya mungu wake, na nyumba hiyo iliishi kwa mfereji. Maji yalipoondoka, shamba lilikufa, na hekalu likakosa mtu wa kulihudumia. Anayekwenda kutazama magofu bila kutafuta alama za maji atarudi ameona vichuguu tu.

Wakati wa kwenda ni kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto la kusini mwa Iraki hufika nyuzi 50, na hakuna kivuli penye magofu. Mvua za majira ya baridi ni chache, lakini mvua ya usiku mmoja yatosha kuifunga njia ya Eridu. Angalia pia kalenda ya Kiislamu: siku za kuelekea Arbaini barabara za Basra, Nasiriya na Hilla hujaa mamilioni ya waendao Karbala kwa miguu, na mwendo wa saa mbili unaweza kula siku nzima. Chukua dereva wa hukohuko mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, nakala kadhaa za pasipoti kwa ajili ya vizuizi vya barabarani, na maji lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku.

Siku ya kwanza: Basra hadi Nasiriya

Asubuhi iwe ya makumbusho ya Basra, yaliyomo katika kasri la zamani la Saddam Hussein kando ya Shatt al-Arab. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa 2016, na kumbi za Sumeri, Babeli na Ashuru zikafuata 2019. Saa moja na nusu yatosha. Zoeza macho kwenye mihuri ya mviringo: ni vijiwe vya urefu wa sentimita mbili tatu, vilivyochongwa picha kinyume, vikaviringishwa juu ya udongo mbichi kufunga mlango wa ghala au mdomo wa mtungi. Miungu utakaowasikia safari nzima wanatambulikana hapo: Enki wa maji matamu ana maji yanayomwagika mabegani, Utu wa jua ana miale na msumeno, Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita, ana silaha mgongoni. Kofia yenye pembe ndiyo alama ya uungu. Asiye na pembe ni mtu, hata akiwa mfalme, isipokuwa wachache waliojifanya miungu.

Nje ya Basra ardhi ni nyeupe. Si mchanga, ni chumvi. Hapa ndipo watumwa walioitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliwapa watu weusi wa pwani yetu, walipofanyishwa kazi ya kukwangua tabaka la chumvi ili ardhi ilimike tena, mpaka wakaasi mwaka 869 na kupigana na dola ya Abbasi hadi 883. Kazi yao ilikuwa ya kupambana na adui yuleyule aliyewashinda Wasumeri. Maji ya mfereji yana chumvi kidogo. Shamba likimwagiliwa bila njia ya kuyatoa, jua huyanyonya na chumvi hubaki, mwaka baada ya mwaka. Ngano hushindwa kwanza, shayiri huvumilia zaidi, na mwishoni hakuna kinachoota.

Pita njia ya Qurna na Chibayish, japo ni ndefu kuliko barabara kuu. Ni nchi ya vinamasi, iliyokaushwa kwa makusudi miaka ya 1990 na kurudishiwa maji baada ya 2003. Simama kwenye mudhif, nyumba ya wageni iliyojengwa kwa matete matupu: mafungu manene yamekunjwa kuwa matao, na mikeka imefunikwa juu. Nyumba za namna hii zimechongwa kwenye vyombo vya Uruk vya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Lala Nasiriya.

Siku ya pili: Eridu

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Eridu, kwa Kiarabu Tell Abu Shahrain, iko kilomita 24 hivi kusini mwa Ur, na sehemu ya mwisho haina lami. Ganda la chumvi juu ya ardhi linaonekana gumu, kumbe chini yake ni tope. Gari likitoka kwenye alama za magurudumu ya zamani huzama hadi ekseli. Kama mvua imenyesha siku mbili zilizopita, ahirisha.

Kwa macho, ni kilima cha vumbi na mabaki ya zigurati, yaani mnara wa hekalu wa ngazi kwa ngazi, iliyomomonyoka. Lakini Wasumeri walisema ufalme uliposhuka kutoka mbinguni ulishukia hapa kwanza. Kati ya 1946 na 1949 Fuad Safar na Seton Lloyd walichimba chini ya kona ya zigurati wakakuta mahekalu yamepandana, tabaka 18. Mojawapo ya yale ya chini kabisa ni chumba cha matofali mabichi kisichofika mita tatu kila upande, chenye kijishimo ukutani na meza ya sadaka katikati. Katika mahekalu ya juu yake walikuta majivu na mifupa ya samaki wengi. Mwenye nyumba alikuwa Enki, bwana wa Abzu, yaani maji matamu yaliyo chini ya ardhi, na alilishwa kitoweo cha mahali pake.

Enki, ambaye Wababeli walimwita Ea, ndiye pia mungu wa mafundi, na kwa hiyo ndiye aliyetajwa kila sanamu ya mungu ilipotengenezwa. Ibada ya kuosha kinywa, tuliyo nayo katika mabamba ya udongo ya Ninawi na Babeli, ilikwenda hivi. Sanamu ikiisha karakanani ilipelekwa usiku kwenye bustani kando ya mto, ikawekwa juu ya mkeka wa tete, uso ukielekea machweo, kisha ikageuzwa kuelekea macheo. Kinywa kilioshwa mara kadhaa kwa maji matakatifu. Vifaa vya useremala vilishonewa ndani ya paja la kondoo na kutupwa mtoni, vimrudie Ea. Kisha mafundi walifungwa mikono kwa kitambaa, kuhani akajifanya kuikata kwa upanga wa mbao ya tamariski, mti wa jangwani, nao wakaapa kwamba si wao walioitengeneza. Miungu wa ufundi ndio waliofanya. Bila hayo, sanamu ilihesabiwa haiwezi kunusa ubani, kula wala kunywa. Wanaowadhani watu hawa waliabudu mti na dhahabu wangesoma ibada hii kwanza.

Usiokote kitu. Mwaka 2022 mtalii mzee wa Uingereza alihukumiwa Baghdad kifungo cha miaka 15 kwa vigae vichache vilivyotoka hapahapa Eridu; hukumu ilitenguliwa mwezi uliofuata, lakini sheria ya mambo ya kale imebaki vilevile.

Siku ya tatu: Ur

Ur iko mwendo mfupi kutoka Nasiriya, jirani na kambi ya ndege za kivita, kwa hiyo pasipoti zitakaguliwa na usipige picha hadi uingie ndani. Fika mapema: matofali yana rangi bora saa mbili za kwanza za jua.

Zigurati ilianzishwa na Ur-Nammu karibu 2100 KK na kumalizwa na mwanawe Shulgi. Kitako chake ni kama mita 62 kwa 43. Ngazi tatu zinakutana langoni, kila moja vidaraja mia. Ukuta wa chini na ngazi unazoziona vilijengwa upya miaka ya 1980. Ukitaka kazi ya Ur-Nammu yenyewe, zunguka pande za nyuma utafute matofali yaliyolika kingo, yaliyounganishwa kwa lami nyeusi badala ya saruji. Kiini ni matofali mabichi, na ganda la nje la matofali ya kuchoma lina unene wa mita mbili na nusu hivi. Tofali bichi huvimba linaponyonya maji na kupasuka linapokauka, ndiyo maana ganda limeachiwa matundu marefu membamba ya kupumulia. Kuta nazo hazikunyooka kama mstari: zimeinamia ndani kidogo na kubinuka kidogo kwa nje. Baadhi ya matofali yana muhuri wa mfalme. Ukiwa na mwanga wa pembeni, utayaona maandishi ya kabari: Ur-Nammu, mfalme wa Ur, aliyejenga nyumba ya Nanna.

Hekalu lenyewe la juu halipo tena. Chini, upande wa kusini-mashariki, ni Giparu, makazi ya kuhani mkuu wa kike aliyehesabiwa mke wa Nanna. Hapo alikaa Enheduanna, binti wa Sargon wa Akkad, karibu 2300 KK, na hapo mchimbaji Mwingereza Leonard Woolley alikuta duara la alabasta lenye sura na jina lake. Tenzi alizohusishwa nazo zinamfanya kuwa mtunzi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina. Mfalme kumweka bintiye Ur ilikuwa siasa kamili: Akkad ilikuwa kaskazini yenye lugha nyingine, na njia ya kuishika kusini ilikuwa kuingia nyumbani kwa mungu wake. Desturi hiyo iliendelea kwa karne nyingi. Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, bado alimweka binti yake hapo katika karne ya 6 KK.

Makaburi ya kifalme yako mbele kidogo. Kati ya 1922 na 1934 Woolley alichimba makaburi 1,850 hivi, na 16 akayaita ya kifalme. Katika shimo moja alikuta miili 74, karibu yote ya wanawake waliovaa mapambo ya dhahabu na ya lapis lazuli, jiwe la bluu kutoka Afghanistani. Usishuke mashimoni bila mlinzi; kingo ni laini na hubomoka.

Kwenye nyumba zilizojengwa upya utaambiwa ni nyumba ya Ibrahimu. Kuta hizo ni za miaka ya 1990, juu ya misingi ya mtaa wa kale. Papa Fransisko alifanya ibada hapa tarehe 6 Machi 2021 pamoja na viongozi wa dini nyingine. Mtaa huo una thamani yake mwenyewe: vichochoro vimepinda, na wafu walizikwa chini ya sakafu ili wapewe maji na chakula na jamaa zao.

Siku ya nne: Larsa kwa mbali, halafu Uruk

Larsa, mji wa Utu mungu wa jua, unapitwa tu, isipokuwa dereva anaijua njia na wachimbaji wa Kifaransa wako kazini. Nguvu ziwekwe Uruk, inayoitwa leo Warka, kilomita 30 hivi mashariki mwa Samawa. Mji wa ndani ya ukuta ulikuwa na eneo la kilomita za mraba tano na nusu, kwa hiyo vaa viatu vizito na tenga saa nne.

Kulikuwa na nyumba kuu mbili: Eanna ya Inanna, na ile ya Anu, mungu wa mbingu. Zigurati ya Eanna ndiyo darasa bora la ujenzi katika safari yote. Tazama ubavu wake: kila baada ya safu kadhaa za matofali mabichi kuna tabaka jeusi la mikeka ya matete. Matete hugawa uzito na kuuzuia mpasuko mmoja usipande hadi juu. Kwa Anu kulikuwa na Hekalu Jeupe, lililopakwa jasi likaonekana kutoka mbali tambarare ile.

Chini ya miguu yako kuna vijiti vya udongo vyenye umbo la koni. Vilipakwa rangi nyekundu, nyeusi au kuachwa vyeupe, vikachomekwa kwenye plasta mbichi ubapa ukibaki nje, hadi ukuta ukawa kama mkeka uliosukwa. Urembo huo pia ulikinga ukuta na mvua. Kuna na vipande vya mabakuli manene yasiyolainishwa, ya kipimo kinachokaribiana. Yalitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya posho ya wafanyakazi, na alama ya kale ya maandishi yenye maana ya kula ni kichwa cha mtu na bakuli la namna hiyo. Maandishi yenyewe yalianza hapa, karibu 3300 KK: mabamba 5,000 hivi yamepatikana, na yaliyo mengi ni hesabu za shayiri, pombe, kondoo na watu. Aliyeyahitaji alikuwa karani wa ghala la hekalu.

Na ghala lilikuwa kubwa kwa sababu mungu alikula. Tunayo orodha ya Uruk ya zama za baada ya Alexander: milo minne kwa siku, mikubwa miwili na midogo miwili, asubuhi na jioni. Mikate ilikuwa 243 kila siku kwa Anu na wenzake. Kondoo wa daraja la kwanza walitakiwa wawe wamelishwa shayiri miaka miwili. Msagaji alikuwa na maneno yake ya kusema akisaga, mwokaji yake akiikanda. Miiko nayo ilikuwepo: Ereshkigal, malkia wa kuzimu, hakupelekewa nyama ya ng'ombe wala ya ndege. Chakula kiliwekwa mbele ya sanamu, pazia likafungwa, maji ya kunawa yakaletwa. Baadaye kiligawiwa mfalme na watumishi wa hekalu, na haki ya kupata fungu fulani, tuseme siku kadhaa kwa mwaka, iliuzwa na kurithiwa kama shamba.

Siku ya tano: Shuruppak na Nippur

Shuruppak, mji wa Ziusudra aliyeokoka gharika, hauna cha kupanda wala cha kuingia. Ulichimbwa ovyo na wezi baada ya 2003 na mashimo yao bado yapo. Endelea hadi Diwaniya, kisha Afak, na kutoka hapo Nippur.

Nippur haikuwahi kuwa makao ya dola, lakini mfalme aliyetaka kuitwa mfalme wa Sumeri na Akkad alihitaji kutambuliwa na Enlil hapa. Ndiyo maana Nanna wa utenzi alileta mzigo wote bila kupunguza. Akafika mlangoni, akamwita bawabu Kalkal amfungulie, akapakua. Na Enlil akamlipa kwa mambo ya maji na shamba: mafuriko mtoni, nafaka kondeni, samaki, matete, na umri mrefu ikuluni. Wafalme wa Ur walilifanya jambo hilo kiserikali. Shulgi alijenga Puzrish-Dagan, kilomita chache kutoka hapa, kuwa zizi la dola: mifugo ya kodi iliingia, ikaandikwa, ikagawiwa madhabahuni. Maelfu ya risiti zake zimesalia, zikitaja siku, idadi, aliyeleta na aliyepokea.

Kijengo cha udongo kilicho juu kabisa ya zigurati ya Enlil si cha kale. Kilijengwa na wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliofanya kazi hapa kati ya 1889 na 1900. Kusini mwa zigurati ni kilima cha makarani, kilichotoa mabamba mengi ya fasihi ya Kisumeri, mengi yakiwa mazoezi ya wanafunzi. Bonde linalokata mji katikati ndilo mfereji wenyewe. Shuka utembee ndani yake. Ni mahali pa wazi kuliko pote pa kuona njia ya mashua.

Lala Hilla.

Siku ya sita: Babeli

Nanna aliishia Nippur. Historia ikaendelea hadi Babeli, na Marduk, mungu wa mji huo, akachukua cheo cha Enlil. Ingia lango linapofunguliwa. Makundi huja adhuhuri, yakiwemo ya mahujaji wa ziara kutoka Dar es Salaam na Mombasa, maana Karbala haiko mbali.

Lango la bluu la pale mwanzoni ni nakala ndogo. Lango la Ishtar la vigae vya rangi liko Berlin, lilikopelekwa baada ya uchimbaji wa Robert Koldewey wa 1899 hadi 1917. Kilichobaki mahali pake ni misingi mirefu yenye mafahali wa Adad, mungu wa dhoruba, na majoka ya Marduk, yote bila rangi. Yalifukiwa makusudi kila Nebukadneza wa Pili alipoinua barabara. Kasri la kusini lilijengwa upya miaka ya 1980 kwa matofali yenye jina la Saddam juu ya kuta za kale. Madhara yake yanaonekana kwa urefu wa goti: maji ya chini hupanda ndani ya matofali, saruji huyazuia yasitoke, chumvi huganda chini ya uso wa tofali la kale na kulibandua vipande vipande. Ni adui yule wa Basra.

Etemenanki, zigurati ya mita 91 kila upande, sasa ni shimo la mraba lenye maji na matete. Matofali yake yaliporwa kujengea kwingine.

Tembea njia ya maandamano ukiifikiria Akitu, sikukuu ya mwaka mpya, mwezi Nisanu, Machi au Aprili. Siku ya nne jioni kuhani alimsomea Marduk utenzi wa uumbaji. Siku ya tano hekalu lilitakaswa: chumba cha Nabu, mwana wa Marduk, kilipanguswa kwa mzoga wa kondoo, ukatupwa mtoni, na wawili walioifanya kazi hiyo wakakaa nje ya mji hadi sikukuu iishe. Siku hiyohiyo mfalme alivuliwa fimbo, pete na taji, akapigwa kofi, akavutwa masikio, akapiga magoti kuapa kwamba hakuuonea mji wala kulisahau hekalu. Alipovaa tena alipigwa kofi la pili: machozi yakimtoka Marduk yuko radhi, yasipotoka adui atainuka. Ndipo alipomshika mungu mkono na kumtoa nje. Nabonido alipokaa miaka kadhaa Tayma, Arabuni, vitabu vya matukio viliandika kila mwaka kwamba Nabu hakuja, Marduk hakutoka, Akitu haikufanyika.

Siku ya saba: Borsippa na Baghdad

Nabu, mungu wa uandishi na mwana wa Marduk, alikuja Akitu kwa mashua kutoka Borsippa, leo Birs Nimrud, kusini-magharibi mwa Babeli. Zigurati yake bado imesimama juu sana, ikiwa na mabonge ya matofali yaliyoyeyuka kwa moto mkali hadi kuwa kama kioo. Kingo za mabonge hayo hukata, usiyaparamie.

Alasiri ni ya Makumbusho ya Iraki, Baghdad, yaliyoporwa Aprili 2003 na kupoteza vitu 15,000 hivi. Nenda moja kwa moja kwenye chombo cha Warka, cha alabasta, kimo chake karibu mita moja. Kiliibwa, kikarudishwa Juni mwaka uleule kikiwa vipande. Kisome kutoka chini kwenda juu: maji, mimea, kondoo dume na jike, wanaume walio uchi wamebeba vikapu, na juu kabisa mwanamke mbele ya nguzo mbili za matete, alama ya Inanna, akipokea. Aliyeutangulia msafara, pengine mtawala, amemeguka. Umebaki mguu wake, upindo wa vazi, na mtumishi aliyemshikia ncha ya mshipi.